Fidla Yenye Nyuzi za Chini: Wanamuziki wa Kaskazini na Amana ya Wazee Wao

Aliyepata kuitazama kwa karibu fidla ya Hardanger hatakosa kutambua kwamba imetengenezwa na watu waliopenda uzuri kuliko walivyopenda kumaliza kazi: ubao wake wa vidole umetiwa nakshi ya lulumizi na mfupa, mwili wake umechorwa maua na majani kwa wino mweusi, na pale juu ambapo fidla ya kawaida ina mzingo wa mti tu, hii aghalabu ina kichwa cha simba kilichochongwa na kuvikwa taji. Lakini siri yake haimo katika pambo. Chini ya nyuzi nne zinazopitiwa na uta mna nyuzi nyingine nne au tano, nyembamba, zisizoguswa na uta wala kidole, ambazo hulia zenyewe kila zile za juu zinapopigwa, kwa mtetemo unaosafiri ndani ya mti. Hivyo msikilizaji hupata sauti mbili kwa pamoja, moja ya mpigaji, na ya pili kama mwangwi wa mtu aliye mbali anayeuitikia wimbo.

Fidla hiyo ilizaliwa magharibi mwa Norwei, katika nchi ya Hardanger, ambako bahari huingia bara kwa hori ndefu zilizobanwa na milima, na ile ya kale kuliko zote zijulikanazo ina tarehe ya mwaka 1651. Zama hizo arusi ya heshima iliongozwa na mpigaji fidla, akitangulia mbele ya bibi arusi katika msafara wa kwenda kanisani. Walakini hadhi hiyo haikumwepusha na tuhuma. Watu walisadiki kwamba mpigaji hodari alifunzwa na jini akaaye penye maporomoko ya maji, ambaye ujira wake ni nyama, na kwamba mwanafunzi aliyepeleka nyama haba alirudi nyumbani akijua kukaza nyuzi tu, asijue kupiga. Uamsho wa dini ulipoenea nchini katika karne ya 19, wahubiri waliiita fidla chombo cha shetani, na fidla nyingi zikachomwa moto au zikafichwa na wenyewe waliotubu. Msomaji wa pwani yetu, aliyekulia katika mabishano juu ya ngoma na zumari, anaujua uchungu wa mtu anayetakiwa kuchagua baina ya imani yake na wimbo wa babu yake.

Muziki huu kwa karne nyingi haukutegemea maandishi. Mwanafunzi alikaa mkabala na mwalimu wake, akatazama vidole, akasikiliza, akakosea, akarudia, mpaka lahani ikamkaa. Na kwa sababu hiyo watu wa kaskazini walijenga desturi ambayo wanazuoni wetu wanaijua kwa jina la isnadi, yaani kuitaja habari pamoja na mtu ambaye ilipokewa kwake. Katika Uswidi mpigaji hasemi tu kwamba anapiga polska, ngoma ile ya mapigo matatu ipendwayo kuliko zote. Husema anapiga polska "efter" fulani, neno dogo ambalo maana yake ni "kufuatana na". Lahani nyingi mpaka leo hunasibishwa na Byss-Calle, mpigaji wa jimbo la Uppland aliyeishi tangu 1783 hadi 1847, na jina lake hutamkwa majukwaani na vijana waliozaliwa zaidi ya karne moja baada ya kuzikwa kwake. Hata ulipofika wakati wa kuandika, desturi hiyo haikuachwa: mkusanyiko uitwao Svenska låtar, uliochapishwa baina ya 1922 na 1940 kwa majuzuu 24 yenye lahani karibu 8,000, umepangwa kwa majimbo na kwa majina ya wapigaji, pamoja na habari za maisha yao.

Ukiifuata silsila hiyo nyuma, waona kwamba haiishii Uswidi. Neno "polska" lenyewe maana yake ni "ya Kipolandi", na ngoma hiyo ilivuka Bahari ya Baltiki katika enzi ambazo nyumba za kifalme za nchi mbili hizo zilikuwa zimefungamana kwa nasaba. Na fidla, ambayo leo yahesabiwa kuwa roho ya vijiji vya kaskazini, ni mgeni aliyetoka Italia. Basi wasemao kwamba vijana wa leo wameutia doa muziki safi wa mababu kwa kuuchanganya na jazi, roki na mitambo ya umeme, wamesahau kwamba mababu wenyewe walikuwa wachanganyaji. Kinachotenga mchanganyiko wa halali na uporaji ni ile isnadi: je, mpokeaji anamjua aliyempa, na je, yu tayari kumtaja?

Mfano wa zama zetu ulio bora ni mpiga piano Jan Johansson, ambaye mwaka 1964 alitoa santuri iitwayo Jazz på svenska, yaani "Jazi kwa Kiswidi". Alizichukua nyimbo za Svenska låtar, akazipiga kwa piano akisaidiwa na besi kubwa ya Georg Riedel peke yake, bila ngoma na bila mbwembwe, akiacha kimya kikae baina ya sauti na sauti. Hakuzivisha lahani za wakulima mavazi ya New York. Alizipiga polepole, kama mtu asomaye barua ya marehemu mzazi wake na kuogopa kuruka neno. Jina la santuri laisema jazi, na mkono wausikia ni wa jazi, lakini kilichomo ndani ni kijiji. Na santuri hiyo ikawa ya jazi iliyouzwa kuliko zote katika Uswidi. Johansson alifariki miaka minne tu baadaye katika ajali ya gari, lakini mlango alikuwa ameshaufungua.

Waliofuata walikuwa na damu ya moto zaidi. Kundi la Hedningarna, jina lenye maana ya "wapagani", liliundwa mwaka 1987, likavichukua vyombo vya kale na kuvitia umeme mpaka vikanguruma, na katika albamu ya 1992 likawaingiza waimbaji wawili wa kike kutoka Ufini, likaiita albamu hiyo Kaksi!, yaani "mbili" kwa Kifini. Kundi la Väsen, lililoanza mwaka 1989, lilishika njia ya upole, likijenga muziki wake juu ya nyckelharpa ya Olov Johansson: chombo kilicho baina ya fidla na kinanda, kwa kuwa mkono wa kulia huvuta uta na wa kushoto hubonyeza vibao vya mti vinavyoukata waya mahali panapotakiwa, nacho pia kina nyuzi za chini, kumi na mbili kwa idadi, zinazokiacha chumba kikivuma baada ya uta kuinuliwa.

Katika Ufini hazina ya kale ilikuwa ushairi kabla ya kuwa muziki. Tabibu Elias Lönnrot alizunguka vijijini akiandika nyimbo za wazee wa Karelia, akazishona pamoja kuwa utenzi mmoja, Kalevala, uliotoka 1835 na kupanuliwa 1849 hata ukafika mishororo 22,795. Na msomaji wa tenzi zetu atafurahi kujua kwamba mshororo wa nyimbo hizo una kwa kawaida mizani nane, sawasawa na kipande cha utenzi wa Kiswahili. Nyimbo hizo zilifuatana na kantele, chombo kinacholazwa magotini na kudonolewa kwa vidole mfano wa kanuni ya taarabu, ambacho katika umbo lake dogo kilikuwa na nyuzi tano tu. Mwaka 1983 mambo mawili yalitukia ambayo wahusika wake hawakudhani kwamba yataingia katika tarehe: Chuo cha Muziki cha Sibelius mjini Helsinki kilifungua idara ya muziki wa asili chini ya Heikki Laitinen, aliyewataka wanafunzi wajifunze mtindo wa wazee kwa kina na kisha wathubutu kutunga vyao; na katika kijiji cha Rääkkylä, upande wa Karelia, ndugu wawili wa kike, Sari na Mari Kaasinen, waliunda kundi la vijana liitwalo Värttinä. Wasichana hao walichukua mtindo wa kuimba wa wanawake wa Karelia, mkali na wa haraka, wenye maneno yanayogongana meno, wakauweka juu ya gitaa, besi na ngoma, na kufikia mwaka 1991, albamu yao Oi Dai ilipotoka, vijana wa mijini waliokuwa wakiona haya nyimbo za bibi zao walizinunua kwa fedha zao.

Lakini ziko silsila zilizopita salama, na iko iliyokatwa kwa makusudi. Wasami ni wenyeji wa kale wa kaskazini kabisa mwa Norwei, Uswidi, Ufini na rasi ya Kola ya Urusi, na uimbaji wao huitwa yoiki. Katika yoiki mtu haimbi juu ya fulani. Humwimba fulani mwenyewe, kana kwamba anamwita aje awepo, na yoiki aliyotungiwa mtu ni mali yake yeye aliyetungiwa, si mali ya mtunzi. Wamisionari waliiona kuwa ni mabaki ya ushirikina, na serikali ya Norwei, kwa siasa ya kuwageuza Wasami kuwa Wanorwei, iliiondoa lugha yao katika shule, hata watoto wakajifunza kuona aibu kwa vinywa vyao wenyewe.

Mari Boine, aliyezaliwa 1956 katika nyumba ya wacha Mungu waliofuata madhehebu makali ya Laestadius, alikua akiambiwa kwamba yoiki ni sauti ya shetani. Ujana wake ulikutana na mgogoro wa mto Alta, serikali ilipoamua kuuzuia kwa bwawa la umeme katika nchi ya Wasami, na mwaka 1979 vijana wa Kisami wakagoma kula mbele ya bunge mjini Oslo. Bwawa lilijengwa, lakini kimya kilikuwa kimevunjika; na mwaka 1989, mwaka ule ule ambao Bunge la Wasami lilifunguliwa, Boine alitoa albamu Gula Gula, maana yake "Sikia, Sikia", ambamo sauti yenye mzizi wa yoiki inapita juu ya ngoma, gitaa na vyombo vya watu wa milima ya Andes. Ewe msomaji, usidhani ngoma zile ziliwekwa kwa mapambo. Mtu aliyekatiwa kamba ya kwao hutafuta kamba kwa waliokatiwa kama yeye, na Boine aliyekatazwa ngoma ya mababu zake aliisikia ikilia katika mikono ya wengine.

Mwaka 1994 michezo ya Olimpiki ya baridi ilifanyika Lillehammer, na Boine alipoalikwa kuimba katika ufunguzi alikataa, kwa kuwa aliona Wasami wanatakiwa kuwa pambo la sherehe ya wengine. Nils-Aslak Valkeapää, mshairi na mwimbaji aliyeirejeshea yoiki heshima kwa santuri yake ya 1968, alisimama mbele ya ulimwengu katika ufunguzi ule ule akaimba yoiki. Mmoja alikataa na mmoja alikubali, na nijuavyo mimi wote wawili walitenda kwa insafu, kwa sababu kila mmoja alijua sauti aliyoibeba ni ya nani.

Na afanyeje mtu ambaye silsila yake haikukatwa tu, bali imepotea kabisa? Hilo ndilo swali la Einar Selvik wa Norwei, zamani mpiga ngoma wa roki nzito, ambaye kwa kundi lake la Wardruna alitunga albamu tatu, 2009, 2013 na 2016, juu ya herufi 24 za kale za kaskazini. Hutumia baragumu za mbuzi na vinubi vilivyochongwa kwa kufuata mifano ya kale, lakini husema wazi kwamba hadai kuurudisha muziki wa zama za Waviking, kwani hakuna aliyeusikia. Anatunga kipya kwa mbegu za kale. Ukweli huo una thamani, maana herufi hizo ziliwahi kuporwa na Wanazi, na wako hata leo wanaotaka kuzifanya ukuta wa kuwazuia wageni. Wanamuziki wengi wa asili wa Uswidi waliliona jambo hilo, na mwaka 2010 wakaunda umoja wa kupinga chuki dhidi ya wageni, wasikubali nyimbo zao ziwe bendera ya ubaguzi. Na ni nani angefaa kuwajibu wabaguzi kuliko mtu apigaye ngoma iitwayo "ya Kipolandi"?

Kiungo kimoja cha habari hii kinafika kwetu. Nyumba ya santuri ya Real World, iliyoitoa Gula Gula kwa ulimwengu, ndiyo iliyotoa pia Chibite ya Hukwe Zawose, gwiji wa Kigogo aliyeishi Bagamoyo. Na kutoka chuo cha sanaa cha Bagamoyo alikwenda Ufini Mtanzania Arnold Chiwalala, akaingia Chuo cha Sibelius, akaipakata kantele magotini na kuitia mwendo wa ngoma za kwao, na mtindo huo aliouita Chizentele ukawa kazi ya shahada yake ya uzamivu mwaka 2009. Kwa desturi ya kaskazini yenyewe, Mfini atakayejifunza mtindo huo, atakapopanda jukwaani na kabla hajagusa uzi wa kwanza, itampasa awaambie wasikilizaji wake kwamba ameupokea kwa mtu wa Tanzania.