Bilia za Kinga: Grese Haiponyeshi Chuma

Vijana wa Kasongo na Kabambare, pikipiki zimekuwa nyingi katika barabara zetu. Lakini kinga ingali inabeba mchele, mawese na chumvi kuelekea machimbo ya zahabu ya Namoya na Salamabila. Kijana anakusanya franga zake, ananunua kinga iliyokwisha kutumika, anaipakia mzigo. Siku ya kwanza inakwenda. Siku ya pili gurudumu linalia. Siku ya tatu linakataa katikati ya pori, na mzigo ni wa deni.

Mara nyingi ugonjwa uko ndani ya kitovu cha gurudumu, pahali macho hayafiki.

Bilia inafanya kazi gani?

Bilia ni vichuma vidogo vya mviringo. Vinakaa kati ya kikombe cha kitovu na kone, ni kusema kile chuma kinachofungwa juu ya mhimili. Bilia zinabingirika, basi chuma hakisugui chuma. Akili hii ni ya zamani: katika mwaka 1869 James Moore alishinda mashindano ya kinga kutoka Paris mpaka Rouen, zaidi ya kilometa 120, na kinga yake ilikuwa na bilia za fundi Jules Suriray.

Kwa kinga nyingi, gurudumu la mbele linaomba bilia 10 kila upande, za milimeta 4,76. La nyuma linaomba 9 kila upande, za milimeta 6,35.

Mbele ya kununua

Inua gurudumu, ulishike juu, ulitikise huku na huku. Likicheza, kone imelegea ao imelika. Kisha ulizungushe polepole na kusikiliza. Likikwaruza, kuna mchanga ao bilia zimeharibika. Ukikuta grese mpya nyingi inatoka pembeni, usifurahi upesi. Grese nzito inanyamazisha sauti kwa siku chache tu. Omba fundi afungue mbele yako. Mwenye kuuza akikataa, wewe pia ufunge mfuko wako.

Kutengeneza

Tandika kitambaa chini, juu ya bilia zinapotea kwa urahisi. Hesabu zile unazotoa. Osha vyote kwa petroli ya taa ao mazuti, kausha, kisha tazama kwenye mwangaza. Bilia nzima inang'aa kama kioo. Yenye madoa ao upande uliolika haifai tena.

Usibadilishe moja peke yake. Zile za zamani zimepungua, hata kama jicho halioni. Ile mpya, juu ni kubwa kidogo, itabeba uzito wote, ipasuke na kuvunja kikombe. Badilisha zote za upande ule, za kipimo kimoja.

Tazama kone pia. Ikiwa na vishimo pale bilia zinapopita, nunua nyingine. Usiisugue kwa tupa: ugumu wake uko katika ngozi ya juu, ukiiondoa italika upesi zaidi. Na kikombe kikiwa na vishimo, ni kitovu chenyewe kimekwisha.

Paka grese, panga bilia, funga. Mawese usiweke: yanakauka, yanakuwa kama gundi. Mafuta machafu ya motere nayo ni mepesi, yanatoka na kuacha chuma kikavu. Kaza kone mpaka gurudumu lisicheze, kisha ushike kone kwa ufunguo na kukaza ekru ya juu. Gurudumu lizunguke lenyewe na kusimama polepole. Ukikaza kupita kiasi, bilia zinasagika.

Kijana, bei ya kinga si ile anayotaja mwenye kuuza. Ongeza bei ya bilia, kone na grese, ndipo ujue kama franga zako zinatosha. Na kama ni wewe unayeuza, sema ukweli wa kitovu. Mwenzako atasukuma mzigo ule barabarani, na watoto nyumbani wanangoja arudi.