Turbaini Mahali pa Vali

Gesi asilia inayotoka Madimba, Mtwara, kwenda Kinyerezi, Dar es Salaam, husukumwa kwa mgandamizo mkubwa ili nyingi ipite kwenye bomba moja. Mtumiaji wa mwisho haihitaji kwa nguvu hiyo. Ndiyo maana mitandao ya gesi kote duniani ina vituo vya kushusha mgandamizo, na kwa kawaida kazi hiyo hufanywa na vali. Ukiisogelea utaisikia ikipiga mluzi, na siku yenye unyevunyevu utaona bomba mbele yake limeota barafu nyeupe. Uwezo wa kufanya kazi uliokuwa katika mgandamizo ulioshushwa umeishia hapo, katika kelele na msukosuko.

Turbaini ya upanuzi huishika kazi ya vali. Gesi hubanwa kwenye matundu membamba, hupata kasi, hupiga mapanga ya gurudumu, na shafti huzungusha jenereta. Hakuna kinachoungua humo ndani. Gesi ikishuka kutoka baa 50 hadi 10, kila kilo inayopita kwa sekunde yaweza kutoa zaidi ya kilowati 100.

Wapo wanaouita umeme wa bure. Mimi siuiti hivyo. Kwenye vali, gesi hupoa karibu nusu digrii kwa kila baa inayopungua, yaani digrii 20 hivi katika mfano wetu. Kwenye turbaini imefanya kazi, na kazi hiyo imelipiwa kwa joto lake yenyewe: yaweza kupoa kwa zaidi ya digrii 60. Hapo maji kidogo yaliyomo hushikamana na gesi, yakawa fuwele zinazoziba bomba. Basi lazima gesi ipashwe moto kwanza, na moto una gharama. Ila joto hilo la ziada hugeuka karibu lote kuwa kazi ya shafti, ilhali mitambo bora ya kufua umeme kwa gesi huambulia takriban asilimia 60. Na kama jirani kuna kiwanda kinachomwaga maji ya moto, hesabu inanoga.

Wengine huutaka ubaridi wenyewe. Mwaka 1939 mwanafizikia Pyotr Kapitsa wa Urusi alieleza turbaini yake ya kugeuza hewa kuwa kimiminika, na viwanda vikubwa vya oksijeni bado hutegemea mitambo ya aina hiyo.

Kwenye kituo cha gesi, hata hivyo, vali ya zamani haing'olewi. Huachwa sambamba na turbaini, kwa kuwa wateja hawatasubiri beringi ibadilishwe.