Jinsi picha za akilini zinavyomsaidia mgonjwa kukabili hofu na maumivu

HOFU ya kisu cha daktari humwanza mgonjwa kabla hajafika hospitalini. Mkazi wa Kianda, katika mtaa wa Kibera, Nairobi, aliyepewa tarehe ya kufanyiwa upasuaji katika Hospitali Kuu ya Kenyatta au ile ya Mbagathi, huweza kukesha siku kadhaa akiwazia nusukaputi, gharama na watoto atakaowaacha nyumbani. Kufikia siku ya kulazwa, usingizi umempaa, moyo unamwenda mbio na misuli imekakamaa.

Ipo mbinu isiyohitaji dawa wala mashine ambayo wauguzi na wanasaikolojia katika nchi mbalimbali huitumia kupunguza hofu ya aina hiyo. Huitwa taswira elekezi. Mgonjwa huongozwa kwa maneno ili ajenge akilini mwake picha ya mahali panapomtuliza, akiona rangi zake, akisikia sauti zake na kuhisi harufu na joto lake kana kwamba yuko papo hapo.

Mbinu hii ina manufaa, lakini pia ina mipaka. Asiyeijua mipaka hiyo huenda akadhani kwamba picha ya akilini inaweza kuchukua nafasi ya vidonge vya kifua kikuu au ya upasuaji wenyewe, na kosa hilo linaweza kumgharimu maisha.

Mwili huitikia fikra

Kuelewa jinsi mbinu hii inavyofanya kazi si vigumu. Mtu akiwazia ndimu changa inavyokatwa, maji yake yakidondoka kisha yakagusa ulimi, kinywa hujaa mate. Ndimu yenyewe haipo, lakini mwili umeiitikia.

Hofu nayo hufuata njia iyo hiyo. Mtu anapowazia hatari, hata akiwa amejilaza kitandani, ubongo hutoa ishara na tezi zilizo juu ya figo humimina homoni za adrenalini na kotisoli katika damu. Moyo huongeza kasi, pumzi huwa fupi na misuli hukaza. Hali hiyo humfaa mtu anayekimbia moto. Haimfai aliyelala wodini akiwa na mshono tumboni, kwa kuwa misuli ikikaza karibu na kidonda, maumivu huzidi. Maumivu yakizidi, hofu huongezeka, na hofu ikiongezeka misuli hukaza tena.

Taswira elekezi hulenga kuukata mzunguko huo. Pumzi ndefu za polepole huushawishi mwili kwamba hakuna hatari ya kukimbia, nayo picha tulivu huipa akili kazi nyingine badala ya kurudia tena na tena yale inayoyaogopa.

Wazo la kuutuliza mwili kwa makusudi si geni katika tiba ya kisasa. Mwaka wa 1929, Edmund Jacobson wa Marekani alichapisha kitabu kuhusu jinsi ya kulegeza misuli hatua kwa hatua. Miaka mitatu baadaye, daktari Johannes Schultz wa Ujerumani alieleza mbinu yake ya mtu kujituliza kwa kujiambia kwamba mikono na miguu yake ni mizito na ina joto.

Utafiti unaotajwa mara nyingi kuhusu upasuaji ulichapishwa mwaka wa 1997 na wataalamu wa hospitali ya Cleveland Clinic, Marekani. Wagonjwa 130 waliokuwa wakisubiri upasuaji wa utumbo mpana waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilipata huduma za kawaida. La pili lilipata huduma hizo hizo, na pia likasikiliza kanda za taswira elekezi kwa siku tatu kabla ya upasuaji na siku sita baadaye. Waliosikiliza kanda walikuwa na wasiwasi na maumivu kidogo zaidi, na kiasi cha dawa kali za maumivu walichohitaji kilikuwa pungufu kwa zaidi ya thuluthi moja.

Hata hivyo, tafiti nyingi za aina hii zimekuwa ndogo, na mgonjwa hawezi kufichwa kwamba anasikiliza kanda. Tathmini pana ya Cochrane iliyochapishwa mwaka wa 2016, iliyochunguza njia mbalimbali za kumwandaa mgonjwa kisaikolojia kabla ya upasuaji, ilihitimisha kuwa huenda maandalizi hayo yakapunguza maumivu na muda wa kukaa hospitalini, lakini ikaonya kuwa ushahidi wenyewe si imara sana. Kwa hivyo, mgonjwa anaweza kutarajia nafuu ya kiasi. Asitarajie muujiza.

Utulivu katika chumba cha futi kumi

Vitabu vingi vya taswira elekezi humwagiza msomaji aingie katika chumba kitulivu, afunge mlango na kuwazia ufuo wa bahari wenye mchanga mweupe. Kianda hakuna chumba cha namna hiyo. Sensa ya 2009 ilihesabu takribani watu 170,000 katika Kibera nzima, na nyumba nyingi ni za chumba kimoja cha takribani futi 10 kwa 10, ambamo baba, mama na watoto hupika, hula na kulala. Redio ya jirani husikika kupitia ukuta wa mabati. Aidha, ufuo wa bahari hauna maana kubwa kwa mtu ambaye hajawahi kufika Mombasa.

Hali hizo hazimzuii mtu kuitumia mbinu hii, ila zinamlazimu kuibadilisha. Picha inayofaa ni ile inayotoka katika maisha ya mgonjwa mwenyewe. Aliyelelewa Kisii anaweza kurejea kwenye mteremko wa mashamba ya majani chai asubuhi yenye ukungu. Wa Siaya atakumbuka kivuli cha mwembe uliokuwa nyuma ya nyumba ya nyanya yake. Kwa mzee wa Kinubi, jina la mtaa lenyewe lina picha, kwani Kibera linatokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu.

Kelele nazo si lazima zipigwe vita. Mvua inayonyesha juu ya mabati inaweza kuingizwa ndani ya picha ikawa mvua ya msimu wa kupanda. Wakati unaofaa ni alfajiri kabla ya watoto kuamka, au usiku wanapokuwa wamelala.

Hatua zenyewe ni chache. Kwanza, mgonjwa huketi au kulala katika hali isiyomwumiza na kuvuta pumzi polepole kupitia puani, akizitoa kwa muda mrefu kuliko alivyozivuta. Pili, hulegeza misuli kuanzia kwenye paji la uso, taya na mabega hadi vidole vya miguu. Tatu, huchagua mahali pake na kuingia humo kwa utaratibu: anaona nini, anasikia nini, upepo unamgusa wapi, kuna harufu gani. Fikra zikitoroka, na hapana budi zitatoroka, huzirejesha taratibu bila kujilaumu. Mwisho, baada ya dakika 10 hadi 15, hurudi kwa kuhesabu pumzi chache na kunyoosha mikono.

Anayesubiri upasuaji anaweza pia kuipitia siku yenyewe akilini: kubebwa hadi chumba cha upasuaji, kulala, kisha kuamka na kumwona muuguzi akimwita kwa jina. Mazoezi haya yaanze siku kadhaa kabla ya kulazwa, kwani anayengoja hadi afikishwe mlangoni pa chumba cha upasuaji ndipo ajaribu kwa mara ya kwanza hupata faida ndogo.

Mgonjwa asiyeweza kujiongoza anaweza kumwomba binti, mume au rafiki amsomee maelezo polepole na kuyarekodi kwenye simu. Sauti anayoiamini huenda ikamfaa kuliko ya mgeni. Baadhi ya waumini huingiwa na shaka kwamba jambo hili ni ushirikina. Hakuna mizimu inayoitwa wala imani inayotakiwa kubadilishwa. Anayetulizwa na sala au wimbo wa kanisani anaweza kuvichanganya na picha yake.

Mahali mbinu inapokoma

Onyo la kwanza linatokana na historia ya mbinu yenyewe. Katika miaka ya sabini, daktari wa saratani Carl Simonton wa Marekani aliwafundisha wagonjwa kuwazia chembechembe nyeupe za damu zikishambulia uvimbe. Kitabu alichokiandika pamoja na wenzake mwaka wa 1978 kiliwapa wengi matumaini. Lakini haijathibitishwa kwamba picha za akilini huangamiza saratani au kurefusha maisha ya mgonjwa. Wazo hilo pia lina ukatili uliofichika: ikiwa fikra njema huponya, basi anayezidiwa ataambiwa kwamba hakufikiri vyema, na kuongezewa hatia juu ya maumivu.

Kwa mkazi wa Kianda, hatari iko karibu zaidi. Dawa za kifua kikuu cha kawaida humezwa kwa muda wa miezi 6, na zile za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi humezwa maishani. Mwenye kisukari anayetegemea insulini hawezi kukaa bila sindano. Yeyote anayemshauri mgonjwa aache dawa kwa kuwa akili yake itamponya anampotosha, awe ni mganga, mhubiri au mwuzaji wa kanda.

Onyo la pili linawahusu waliojeruhiwa nafsi. Kibera ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika vibaya na ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na wapo wakazi waliopitia ubakaji au dhuluma nyumbani. Kwa baadhi yao, kufumba macho huyarejesha yale wanayojaribu kuyasahau. Hao wasilazimishwe. Wanaweza kuyaacha macho wazi na kuvitaja vitu vilivyo mbele yao huku wakipumua polepole. Naye anayesikia sauti zisizokuwepo au anayewaza kujiua anahitaji kufikishwa kwa mhudumu wa afya mara moja.

Tatu, msongo wa mawazo mara nyingi huwa na chanzo halisi. Kuwazia mto mtulivu hakulipi kodi ya nyumba wala kumzuia mume mkatili. Utafiti uliofanywa viungani mwa jiji la Nairobi na kuchapishwa mwaka wa 2017 una funzo hapa. Ulihusisha wanawake 421, na ukaupima mpango wa vikao vitano uliobuniwa kwa Shirika la Afya Duniani. Wanawake walifunzwa kupumua polepole, na pia kuchambua matatizo yao, kurejelea shughuli walizoziacha na kutafuta msaada wa jamaa na majirani. Miezi mitatu baadaye, dhiki yao ilikuwa imepungua kuliko ya wenzao waliopata huduma za kawaida zilizoboreshwa. Mpango huo haukutumia taswira elekezi, lakini ulionyesha kwamba kujituliza huzaa matunda zaidi kunapoandamana na kukabili chanzo cha dhiki.

Walioendesha vikao hivyo walikuwa wahudumu wa afya ya jamii, watu wasio na shahada za saikolojia. Tangu Septemba 2023, Kenya imekuwa na wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, ambao hupita nyumba kwa nyumba. Wakifunzwa ipasavyo, wanaweza kumwonyesha mgonjwa jinsi ya kupumua na kujenga picha yake katika ziara ile ile wanayompima shinikizo la damu na kumwuliza kama amemeza dawa. Swali hilo la dawa ndilo litangulie.