Watoto wa Tobolsk

Kila mwanafunzi wa kemia amekutana na Jedwali la Elementi, ama limetundikwa katika ukuta wa maabara, ama limechapwa mwishoni mwa kitabu chake. Jina la Dmitri Mendeleev hutajwa pamoja nalo, na aghalabu habari huishia hapo. Yafaa kuuliza mtu huyu alitoka wapi. Jibu latupeleka Siberia, katika mji wa Tobolsk, mahali ambapo mto Tobol waingia katika mto Irtysh. Mji ambao hata leo wakazi wake ni kiasi cha laki moja tu.

Tobolsk ulianzishwa mwaka 1587 kuwa ngome ya Warusi waliokuwa wakisonga mbele kuelekea mashariki, na kwa muda mrefu ulikuwa makao makuu ya utawala wa Siberia nzima. Ulikuwa pia mji wa watu waliohamishwa kwa adhabu. Wenyeji husimulia kwamba mfungwa wa kwanza hakuwa mtu bali kengele. Kengele hiyo ilipigwa katika mji wa Uglich mwaka 1591 kuwaita watu katika ghasia. Serikali iliiadhibu kama mhalifu: ilichapwa mijeledi, ikang'olewa ulimi, ikapelekwa Tobolsk. Haikurudishwa kwao mpaka mwaka 1892. Msomaji anaweza kucheka, lakini nyuma ya kengele ile walifuata binadamu kwa maelfu. Miongoni mwao walikuwamo wasomi, maofisa wa jeshi na washairi, ambao kosa lao lilikuwa ni fikira zao. Hivyo mji uliokusudiwa kuwa adhabu ukajikuta una watu wenye elimu kuliko miji mingi iliyoushinda kwa utajiri.

Mwanasayansi wa kwanza mwenyeji wa mji huo hakupitia chuo chochote. Semyon Remezov, aliyezaliwa Tobolsk yapata mwaka 1642, alikuwa askari na mtumishi wa serikali aliyezunguka nchi kukusanya kodi, na huku akichora alichokiona. Baadaye aliamriwa kutengeneza ramani za Siberia yote, na mwaka 1701, akisaidiwa na wanawe, alikamilisha kitabu cha ramani ambacho ni cha kwanza cha aina yake katika historia ya Urusi. Ramani zake nyingi zimewekwa kusini juu na kaskazini chini, kama alivyofanya al-Idrisi, mwanajiografia wa Kiarabu, katika karne ya 12. Hazina mistari ya latitudo wala longitudo. Uti wa mgongo wake ni mito, kwa kuwa mito ndiyo iliyokuwa barabara za nchi ile. Mzungu wa siku zake aliyezoea ramani za vipimo angeziona ni za kizamani. Hata hivyo msafiri aliyetaka kujua mto upi waingia katika upi, na kijiji gani kiko ng'ambo gani, angefika salama zaidi kwa ramani za Remezov.

Dmitri Mendeleev alizaliwa tarehe 8 Februari 1834, akiwa kitinda mimba katika familia yenye watoto wengi. Baba yake, Ivan, alikuwa mkuu wa shule ya sekondari ya Tobolsk. Mwaka huohuo aliozaliwa mtoto, baba alipofuka macho, akaacha kazi, na malipo yake ya uzeeni hayakutosha kulisha nyumba. Mama yake, Maria, alichukua usimamizi wa kiwanda kidogo cha vioo kilichokuwa mali ya ukoo wake, katika kijiji cha Aremzyanka karibu na mji. Inaelezwa kwamba mama huyu hakupelekwa shule. Alijifunza kwa kusikiliza masomo aliyofundishwa kaka yake. Mtoto alikulia karibu na tanuri, akiona mchanga ukigeuka kioo. Shuleni alipenda hisabati na fizikia, Kilatini kilimshinda. Mmoja wa walimu wake alikuwa Pyotr Yershov, mwandishi wa hadithi maarufu ya farasi mdogo mwenye nundu. Nyumbani nako walikuwapo wahamishwa wa uasi wa mwaka 1825. Mmoja wao, Nikolai Basargin, alimwoa Olga, dada yake Dmitri.

Mwaka 1847 baba alifariki. Mwaka 1848 kiwanda kiliungua. Mwaka 1849 Dmitri alimaliza shule, na mama, ambaye sasa hakubakiwa na kitu kilichomfunga Tobolsk, alimchukua kijana wake wakasafiri kwa farasi zaidi ya kilomita 2,000 mpaka Moscow. Chuo Kikuu cha Moscow kilimkataa. Sababu haikuwa akili yake. Taratibu za wakati huo ziliwapangia wanafunzi wa Siberia chuo cha Kazan, na aliyetoka huko hakuwa na haki ya kuingia Moscow. Mama hakurudi nyuma. Waliendelea hadi Saint Petersburg, na mwaka 1850 Dmitri akapokelewa katika Chuo Kikuu cha Ualimu, chuo alichosoma baba yake. Katika mwaka huohuo mama alifariki dunia. Miaka 37 baadaye, mwanakemia huyo aliyekwisha kuwa na sifa duniani alikitoa kwa heshima ya mama yake kitabu chake kuhusu michanganyiko ya maji. Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, safari ile ya mwaka 1849 yastahili kuhesabiwa miongoni mwa matukio ya historia ya kemia.

Walimu wasisahau kwamba Jedwali lilizaliwa kutokana na kazi ya kufundisha. Mwaka 1869 Mendeleev alikuwa akiandika kitabu cha kiada kwa wanafunzi wake, na swali lililomsumbua ni lile linalomsumbua kila mwalimu: nianze na lipi, nifuatishe lipi? Elementi zilizojulikana zilikuwa 63. Alipozipanga kwa kufuata uzito wa atomu, aliona kwamba tabia zake hujirudia kwa vipindi. Wengine walikwisha kuona dalili za jambo hili kabla yake, naye Lothar Meyer wa Ujerumani alifikia mpango unaokaribiana sana na wake. Tofauti ya Mendeleev ilikuwa uthubutu. Pale ambapo elementi zilizojulikana hazikufuatana sawasawa, hakulazimisha. Aliacha nafasi wazi, akasema: hapa pana elementi ambayo bado haijapatikana. Pengine alipinga hata vipimo vilivyokubaliwa. Uzito wa atomu ya yuraniamu ulidhaniwa kuwa 120; yeye aliuandika 240, na ukweli uko karibu sana na hapo.

Mwaka 1871 alieleza kwa kirefu elementi tatu ambazo hakuna jicho lililokuwa limeziona. Hebu tutazame ile iliyokuwa chini ya silikoni. Alisema uzito wa atomu yake utakuwa 72, na densiti yake gramu 5.5 kwa sentimita moja ya ujazo. Mwaka 1886 Clemens Winkler wa Ujerumani aligundua gerimaniamu: vipimo vyake vilikuwa 72.3 na 5.47. Habari ya galiamu ni tamu zaidi. Iligunduliwa mwaka 1875 na Mfaransa Lecoq de Boisbaudran, ambaye alipima densiti yake akapata 4.7. Mendeleev, ambaye hakuwa ameshika hata chembe ya metali hiyo, alimwandikia kwamba densiti yapaswa kuwa 5.9. Mfaransa aliisafisha sampuli yake upya, akapima tena, akapata 5.9.

Lakini hakupatia kila mara. Teluriamu ni nzito kuliko iodini, hali tabia zake zinadai itangulie. Mendeleev aliitanguliza, akishikilia kwamba uzito wake umepimwa vibaya. Nafasi aliyoipa ni sahihi. Sababu aliyoitoa si sahihi, maana uzito ule haukuwa na kosa. Ilibidi kungoja mwaka 1913, Henry Moseley alipoonyesha kwa miali ya eksirei kwamba kinachopanga elementi ni namba ya atomu, wala si uzito wake. Mendeleev alikuwa amekwisha kufariki tangu mwaka 1907. Zaidi ya hayo, mwanzoni mwa karne ya 20 alitabiri elementi nyepesi kuliko haidrojeni, ambazo hazikupatikana kamwe wala haziwezi kuwapo.

Mwaka 1899, akiwa katika safari ya kuchunguza viwanda vya chuma vya Milima ya Ural, alifika tena Tobolsk na Aremzyanka. Mji ulikuwa umeanza kufifia. Reli kuu ya Siberia, iliyoanza kujengwa mwaka 1891, ilipitishwa mbali upande wa kusini, na biashara ikaifuata. Tobolsk haukupata reli mpaka miaka ya 1960.

Hata hivyo haukuacha kutoa watu. Mwaka uleule wa 1907 alipofariki Mendeleev, alizaliwa hapo Nikolai Nikitin, mhandisi wa majengo aliyesomea Tomsk. Ni yeye aliyebuni namna ya kuusimamisha mnara wa televisheni wa Ostankino mjini Moscow, wenye urefu wa mita 540, uliokamilika mwaka 1967 na ambao kwa miaka kadhaa ulikuwa jengo refu kuliko yote duniani. Kinachostaajabisha ni msingi wake, ambao haufiki hata mita 5 kwenda chini. Wengi waliopewa michoro hiyo waliogopa. Hesabu ya Nikitin ilikuwa hii: sehemu ya chini ifanywe pana na nzito sana kuliko ya juu, ili kitovu cha uzito kikae karibu na ardhi, kisha nyaya za chuma zipatazo 150 zikazwe kwa nguvu ndani ya zege kutoka juu mpaka chini, ili zege lisipasuke mnara unapoyumbishwa na upepo. Zege huvumilia sana kubanwa, lakini huvunjika upesi likivutwa. Nyaya zile hulibana wakati wote, hata upande ule ambao upepo unajaribu kuuvuta.

Nikitin alifariki mwaka 1973. Mwezi Agosti mwaka 2000 moto uliwaka ndani ya mnara huo, nyaya nyingi zikakatika kwa joto, na watu wakakaa wakingoja uanguke. Haukuanguka. Nyaya mpya zilitiwa mahali pa zile zilizokatika, na matangazo yakarudi hewani.