Vita vya Mapigo ya Ngoma

Mwishoni mwa mwaka 2007, kampuni ya Sony ilitoa huko Japani mchezo wa video uitwao Patapon, uliotengenezewa PSP, mashine ndogo ya kuchezea mkononi. Na ndani yake mchezaji hamwongozi askari mmoja mmoja, bali hupewa ngoma nne, kila moja na kitufe chake, ambazo kwazo huliamuru jeshi zima la viumbe vyeusi vyenye jicho moja.

Akipiga pata, pata, pata, pon, jeshi husonga mbele; akipiga pon, pon, pata, pon, hushambulia. Kila pigo ni nusu sekunde: manne ya amri, na manne yafuatayo ya jeshi, ambalo huitikia amri ile ile kwa kuiimba huku likiitekeleza, na muda huo wote mchezaji hana budi kutulia, kwani akigusa kitufe kabla ya zamu yake, mpango mzima huvurugika. Sauti hizo nyembamba za kitoto aghalabu hudhaniwa kuwa ni pambo tu. Mimi naziona ndizo roho ya mchezo, maana ndizo zimpimiazo mchezaji wakati.

Mtu akishtukizwa na mlio, kidole chake hukawia kadiri ya milisekunde 150 hata 200 kabla ya kujibu. Lakini akipewa mapigo yanayolingana, hangoji kusikia, bali hulikadiria pigo lijalo, na vipimo vya wataalamu vimeonyesha kwamba kidole hulitangulia kwa makumi machache ya milisekunde, ilhali mwenyewe hana habari. Fauka ya hayo, sehemu za ubongo ziendeshazo viungo huamka kwa kusikia mdundo tu, hata mtu akiwa ametulia tuli. Na jicho haliwezi kuifuata taa imemetayo kwa usahihi ambao sikio huufuata mlio.

Mother 3, mchezo wa Game Boy Advance wa mwaka 2006, uliitumia siri hiyo kwa ustadi wa namna yake: anayebonyeza kwa kufuata muziki wa pambano huweza kumpiga adui hata mara 16 mfululizo, na mahadhi yakimtatiza, humlaza adui usingizi, ndipo mapigo ya moyo wa huyo aliyelala yasikikapo na kuufichua mdundo.

Patapon ulirejea mwaka 2017 kwenye PlayStation 4. Atakaye kuucheza leo na atumie spika za masikioni zenye waya, kwa kuwa zile zisizo na waya huuchelewesha mlio, na katika vita hivi amri iliyochelewa haitiiwi.