Viwavi waliokufa wageuzwa dawa ya kuua viwavi

WAKULIMA wa nafaka wanawafahamu vizuri viwavijeshi. Nondo husafiri na upepo wa mvua, hutaga mayai kwenye nyasi, na baada ya siku chache shamba la mahindi, mtama au mpunga hubaki vijiti. Mkulima mdogo asiye na fedha ya kununua kiuadudu hulazimika kupanda upya, kama bado ana mbegu.

Lakini mdudu huyo naye ana adui. Mlipuko unapokaribia kwisha, viwavi wengi huonekana wamepanda juu ya majani na kuning'inia vichwa chini. Hufia hapo, ngozi hupasuka na majimaji humwagika. Kinachowaua ni kirusi ambacho kitaalamu huitwa SpexNPV. Ugonjwa huo huweza kumaliza sehemu kubwa ya viwavi, ila huja umechelewa, mazao yakiwa yameshaliwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wataalamu wa udhibiti wa visumbufu vya mazao walioko Tengeru, Arusha, wakishirikiana na watafiti wa vyuo vikuu vya Greenwich na Lancaster vya Uingereza, walifanya majaribio kaskazini mwa Tanzania ili kuuwahisha ugonjwa huo. Kirusi kilipulizwa kwa ndege na kwa mabomba ya mkono, viwavi wakiwa bado wadogo, na matokeo yakawa ya kuridhisha.

Jinsi inavyotengenezwa

Kiwanda chenyewe ni shamba. Nyasi zilizovamiwa hupuliziwa kirusi, kisha husubiriwa takriban wiki moja. Viwavi wagonjwa na waliokufa huokotwa kabla hawajapasuka, wakahifadhiwa kwenye baridi. Baadaye husagwa na maji, majimaji huchujwa, na chembe za kirusi huhesabiwa kwa hadubini ili kujua nguvu ya dawa. Zikichanganywa na udongo mweupe laini na kukaushwa, hupatikana unga unaoweza kutunzwa.

Kiwavi hufa baada ya kula jani lenye kirusi. Kirusi hicho hakimdhuru binadamu, mifugo wala nyuki. Adui yake ni jua, hivyo ni vyema kupuliza jioni.

Hesabu yake

Kiwango kilichotumika katika majaribio ni chembe trilioni moja kwa hekta. Iwapo kiwavi mmoja mkubwa atatoa chembe bilioni moja, hekta moja inahitaji viwavi 1,000. Kwenye mlipuko mkubwa viwavi huzidi 100 kwa mita moja ya mraba. Kwa hesabu hiyo, eneo la mita 10 za mraba likiokotwa vizuri linaweza kutoa malighafi ya kutibu hekta nzima. Kufuga viwavi maabara kwa chakula maalumu ni ghali zaidi, wakati malighafi ya shambani haina bei, bali ina gharama ya vibarua, baridi na upimaji.

Brazili ilionyesha kwamba jambo hili linawezekana kibiashara. Kituo cha utafiti wa soya cha Embrapa kilichoko Londrina kilianzisha matumizi ya kirusi cha kiwavi wa soya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwanzoni wakulima walisaga viwavi wenyewe, takriban 50 kwa hekta. Baadaye kampuni binafsi ziliingia, na vibarua wakaajiriwa kuokota viwavi mashambani. Kufikia msimu wa 2003/04, karibu hekta milioni mbili zilikuwa zinapuliziwa.

Hata hivyo, matumizi yalishuka sana baadaye. Wakulima wengi walianza kupuliza sumu kali mapema msimu, viwavi wakapungua, na waokotaji wakakosa cha kuokota.

Vikwazo

Fundisho hilo linaihusu Tanzania zaidi. Kiwavi wa soya alitokea kila msimu, lakini viwavijeshi huja kwa wingi mwaka mmoja na kupotea mwingine. Mwaka wa mlipuko malighafi ni tele. Mwaka wa utulivu hakuna malighafi wala mnunuzi. Mfanyabiashara hawezi kuweka fedha kwenye bidhaa ya namna hiyo bila mteja wa uhakika wa kununua akiba, na mteja huyo kwa kawaida ni serikali.

Pia kirusi hiki huchagua mdudu. Mkulima asitarajie kitamaliza viwavijeshi vamizi, waliothibitishwa nchini mwaka 2017. Hao ni aina nyingine na wana kirusi chao.

Tena dawa hii haiui papo hapo. Huchukua siku kadhaa. Anayesubiri viwavi wanenepe ndipo apulize atapata mizoga mingi na mahindi machache. Hivyo taarifa za mitego ya nondo zinapaswa kumfikia bwana shamba na mkulima mapema, na unga uwe umeshafika ghala la wilaya kabla mvua hazijaanza.