Kufomati Diski: Neno Moja, Vitendo Vitatu

1. Utangulizi

Mara nyingi husemwa kwamba kikwazo kikubwa cha mfasiri wa maandishi ya kitaalamu ni upungufu wa maneno. Kauli hii ina ukweli, lakini haimalizi tatizo. Kuna wakati ambapo neno lipo, latumiwa na watu wote, na bado lampotosha msomaji kwa kuwa limebebeshwa dhana nyingi zisizofanana. Neno la namna hiyo lina hatari kuliko pengo. Penye pengo msomaji huuliza. Penye neno alilolizoea hupita bila ya kushuku.

Makala haya yanakusudia kuchunguza neno moja la aina hiyo, nalo ni kufomati, kama litumikavyo katika maelekezo ya kompyuta. Mfano tutakaoutumia ni wa diski ngumu ambayo kufomatiwa kwake upya kumekatizwa katikati, tuseme kwa umeme kukatika, katika kompyuta iendeshwayo na Linux. Tumechagua Linux kwa sababu mbili. Kwanza, mfumo endeshi huu, ulioanzishwa na Linus Torvalds huko Helsinki, Ufini, mwaka 1991, hutolewa bila ya malipo, na kila mtu ana ruhusa ya kuutafsiri. Pili, kazi nyingi za ukarabati katika mfumo huu hufanywa kwa amri zinazoandikwa moja baada ya nyingine, na kwa hiyo maelekezo yake huwa ni maandishi matupu. Neno likikosewa, hakuna picha ya kumwokoa msomaji.

2. Vitendo vitatu vilivyofichwa katika neno moja

Kitendo cha kwanza ni kuyapa maandishi sura: kukoza herufi, kupanga aya, kuacha pambizo. Kwa dhana hii neno kuumbiza, pamoja na nomino yake umbizo, limekwisha kuingia katika programu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, na hatuoni sababu ya kulipinga. Asili yake katika umba na umbo yaonekana waziwazi, na kosa likitokea halina hasara.

Kitendo cha pili ni kuandika katika diski utaratibu ambao kwa huo mafaili yatawekwa na kutafutwa. Kitendo cha tatu ni kuugawa upya uso wenyewe wa diski katika sehemu ndogo zenye ukubwa maalumu na kuzitia alama. Vitendo hivi viwili vya mwisho vyaitwa kufomati bila ya kutofautishwa. Tena wapo wafasiri wanaoandika kuumbiza kwa vyote vitatu, hata msomaji akaambiwa aiumbize diski kwa neno lile lile aliloambiwa aiumbize barua.

Ubaya wa mchanganyiko huu hauonekani siku ambayo kazi inakwenda vizuri. Huonekana siku ya ajali. Kitendo cha pili kikikatizwa, ushauri wa kwanza ni huu: usifomati tena. Kitendo cha tatu kikikatizwa, dawa pekee ni hii: fomati tena mpaka mwisho. Neno ni lilo hilo moja, na ushauri wapingana kabisa. Atakayeshika ushauri usio wake atapoteza mafaili ambayo yangaliweza kuokolewa, au ataitupa diski ambayo ingaliweza kufanya kazi.

3. Diski na masijala

Kila mtumishi wa serikali aijua masijala. Majalada yamo rafuni, na mezani kipo kitabu kinachoonyesha kila jalada liko rafu ipi. Karani mpya akiamua kuanzisha utaratibu wake, akachana kurasa za mwanzo za kitabu cha zamani na kuanza kuandika chake, kisha akaitwa kabla hajamaliza, masijala huonekana kama imepotea. Kumbe majalada yangali rafuni. Kilichoharibika ni njia ya kuyafikia.

Hii ndiyo hali ya diski ambayo kitendo cha pili kimekatizwa. Mafaili mengi huwa hayajaguswa. Kitabu ndicho kilichoraruka. Kwa kitendo hiki tunapendekeza kusimika mfumo wa mafaili. Hatukuchagua kuweka, kwa kuwa mfumo wenyewe ndio unaoweka mafaili, na neno hilo lingeleta utata. Kusimika, kwa maana ya kuthibitisha katika cheo, kwamkumbusha msomaji kwamba wa zamani ameondolewa madarakani.

Kila faili lina maelezo yake mafupi yanayotaja ukubwa wake, mwenyewe, na mahali yalipo maandishi yake. Maelezo haya twaweza kuyaita kadi ya faili. Kadi ikifutwa, maandishi ya faili huweza kubaki, lakini hubaki bila ya jina na bila ya anwani.

4. Viwanja na vitalu

Mfasiri akifikia sehemu ndogo kabisa za diski hukuta kwamba neno sekta limekwisha chukuliwa na wachumi: sekta ya kilimo, sekta binafsi. Tunapendekeza atazame ofisi ya ardhi. Huko Tanzania anwani ya nyumba huandikwa kwa namba ya kiwanja na herufi ya kitalu, na kitalu ni mkusanyiko wa viwanja. Diski nayo imepangwa hivyo hivyo. Sehemu ndogo kabisa, ambayo kwa kawaida ina baiti 512 au 4096, na iitwe kiwanja. Mfumo wa mafaili hautumii kiwanja kimoja kimoja, bali huvikusanya. Katika mfumo wa ext4, ambao ni wa kawaida katika Linux, mkusanyiko huo aghalabu una baiti 4096, yaani viwanja 8 vya baiti 512. Mkusanyiko huo na uitwe kitalu.

Juu ya hayo, diski huweza kutengwa katika sehemu kubwa, moja kwa ajili ya mfumo endeshi na nyingine kwa ajili ya kazi za mwenyewe. Mfasiri anaweza kushawishika kuiita sehemu hiyo kiambaza, kwa kufuata neno la kigeni. Lakini kiambaza ni ukuta unaotenga, sicho chumba kilichotengwa. Twaona afadhali kusema eneo, na orodha ya maeneo iitwe jedwali la maeneo.

Kwa kitendo cha tatu, basi, istilahi yajileta yenyewe: kupima viwanja. Hapa hapana budi kutoa tahadhari. Kupima kuna maana nyingine ya kuchunguza, kama katika kupima damu. Kwa hiyo mfasiri asiandike kamwe kupima diski, maana msomaji atadhani anaambiwa aangalie uzima wake, kumbe anaamriwa aifute. Aandike kupima viwanja kwa ukamilifu, na dhana ile nyingine aiite kukagua.

5. Kusimika kunapokatizwa

Sasa tutazame namna istilahi hizi zinavyofanya kazi katika maelekezo. Diski ilikuwa na mafaili, mtu ameanza kusimika mfumo mpya wa ext4, umeme umekatika. Afanye nini?

Kwanza, asiandike chochote katika diski hiyo, wala asiibandike. Kubandika tunakusudia kuuingiza mfumo wa mafaili katika utumiaji, na kinyume chake ni kubandua. Hapa sarufi yetu yatupa jozi iliyo tayari.

Pili, asome taarifa za kiini cha mfumo kwa amri ya dmesg, na kuangalia kwa lsblk kama diski inatambuliwa kwa ukubwa wake halisi. Kisha aikague kwa programu ya smartctl, ili ajue kama chombo chenyewe ni kizima au kilikuwa mgonjwa tangu awali.

Tatu, anakili diski nzima, kiwanja kwa kiwanja, katika diski nyingine isiyopungua ukubwa huo, kwa programu ya ddrescue. Programu hii huweka kumbukumbu ya sehemu zilizokwisha somwa na zilizokataa kusomeka, hata kazi ikikatizwa huendelea ilipoachia. Kuanzia hapo kazi yote ifanywe katika nakala.

Nne, atafute nakala za akiba za kitabu. Jedwali la maeneo la aina ya GPT huandikwa mwanzoni mwa diski na kunakiliwa mwishoni mwake, na programu za gdisk na testdisk zaweza kulisoma. Mfumo wa ext4 nao una kitalu kikuu, kielezacho mpango wake wote, kinachoanza kwenye baiti ya 1024 ya eneo. Nakala zake zimetawanywa. Ikiwa kitalu kina baiti 4096, nakala ya kwanza kwa kawaida iko kwenye kitalu cha 32768, ya pili 98304, na ya tatu 163840. Kuviandika vitalu vikuu vipya ni katika hatua za mwisho za kusimika. Kwa hiyo kazi iliyokatizwa mapema huenda imeziacha nakala za zamani. Programu ya e2fsck huweza kuelekezwa kwenye nakala hizo kwa -b 32768 na -B 4096. Ikiongezewa -n husoma tu, bila ya kubadili kitu.

Lakini herufi hiyo hiyo katika programu ya mke2fs yadai uangalifu mkubwa. Mke2fs ikipewa -n huonyesha mahali ambapo nakala za kitalu kikuu zingekuwa, wala haisimiki chochote. Ikisahauliwa, husimika mfumo mpya. Mfasiri au mpiga chapa akiidondosha herufi moja, maelekezo ya kuokoa yamegeuka kuwa maelekezo ya kuangamiza.

Tano, njia hizo zikishindikana, programu ya photorec hutafuta mafaili kwa kutambua alama za mwanzo wake. Huokoa maandishi na picha, lakini majina na mpangilio hupotea.

Ni wajibu pia kumwambia msomaji ukweli usiopendeza. Katika diski za kisasa zisizo na sahani izungukayo, mke2fs kwa kawaida huanza kwa kuiarifu diski kwamba vitalu vyote havihitajiwi tena. Hapo majalada yenyewe huweza kuwa yamekwisha ondolewa rafuni, na tumaini huwa dogo sana.

6. Kupima viwanja kunapokatizwa

Diski nyingi za kompyuta za kawaida hupimwa viwanja kiwandani, na mtumiaji hana haja wala njia ya kurudia. Lakini ziko diski za aina ya SCSI na SAS, zitumikazo katika mitambo mikubwa, ambazo huruhusu jambo hilo. Baadhi yake hupimwa viwanja vya baiti 520, na anayetaka kuzitumia katika kompyuta ya kawaida huzipima upya kwa baiti 512, kwa programu ya sg_format. Kazi hii huweza kuchukua saa nyingi. Ikikatizwa, diski hukataa kusoma na kuandika, na hutoa taarifa kwamba upimaji wa uso wake umeharibika.

Mwenye kuiona taarifa hiyo hudhani diski imekufa. Sivyo. Hapa hakuna kitabu kilichoraruka. Vigingi vya mipaka ndivyo vilivyong'olewa, na rafu zenyewe hazipo. Kunakili hakuna faida, kwani hakuna kiwanja cha kusomwa. Dawa ni kuanza tena kupima viwanja na kuiacha kazi imalizike, ilimradi umeme uwe wa uhakika. Data za zamani hazitarudi, lakini chombo huweza kurudi kazini.

7. Kuokoa, kukarabati na kurejesha

Katika maelekezo mengi maneno haya matatu hutumika kama kwamba ni kitu kimoja, na aghalabu yote huandikwa kurejesha. Tunapendekeza yatenganishwe. Kuokoa ni kutoa data katika diski iliyoharibika, bila ya kuiandika diski hiyo. Kukarabati ni kuurekebisha mfumo wa mafaili wenyewe, na kwa hiyo ni kuandika. Kurejesha ni kuleta data kutoka katika nakala ya akiba iliyowekwa mapema. Kuokoa hutangulia kukarabati, na aliye na nakala ya akiba hahitaji hata kimoja kati ya hivyo viwili.

8. Istilahi zinazopendekezwa

Kuumbiza: kuyapa maandishi sura.
Kusimika mfumo wa mafaili: kuandika katika eneo utaratibu mpya wa kuweka mafaili.
Kupima viwanja: kugawa upya uso wa diski na kutia alama za mipaka.
Kiwanja: sehemu ndogo kabisa ya diski iwezayo kusomwa au kuandikwa.
Kitalu: mkusanyiko wa viwanja utumiwao na mfumo wa mafaili.
Kitalu kikuu: kitalu kielezacho mpango wa mfumo wote.
Eneo: sehemu ya diski iliyotengwa kwa matumizi yake.
Kadi ya faili: maelezo mafupi ya faili na mahali lilipo.
Kubandika na kubandua: kuingiza mfumo wa mafaili katika utumiaji, na kuutoa.

9. Hitimisho

Hatudai kwamba neno kufomati litoweke katika mazungumzo. Fundi na mwenzake huelewana kwa ishara. Lakini maandishi hayana ishara, na msomaji wake huenda ni mwalimu aliye mbali na fundi, mbele ya diski yenye nakala ya pekee ya alama za wanafunzi wake. Mtu huyo anastahili kuambiwa kwa neno moja jambo moja.

Mapendekezo haya yanaletwa yajadiliwe. Wafasiri waliokwisha kutumia maneno mengine, na walimu walioona wanafunzi wao wakielewa au wakikwama, wanaombwa watuletee maoni yao pamoja na mifano ya sentensi, kwa kuwa istilahi huthibitika katika sentensi wala si katika orodha.